Orodha Isiyohama

Jumatatu, 5 Oktoba 1998. Kitui.
Ofisi yetu ya mradi wa maji imepata kompyuta ya kiganjani, na kadi mbili za kumbukumbu. Nimejitolea kubuni mpangilio wa faili. Nikifaulu Ijumaa mbele ya wafadhili, ufundi mkuu ni wangu! Nimeingiza vipimo vya visima ambavyo Mzee Nzuki amevichukua kwa miguu miezi minane. Wafadhili wakiviona, kijiji chake kitapata pampu. Daftari lake nimewashia jiko la chai. Karatasi imepitwa na wakati.

Jumanne, 6 Oktoba.
Syokau, karani, amesoma kitabu cha kadi. Eti kipande cha kadi lazima kifutwe chote kabla ya kuandikwa upya, na kikifutwa mara laki moja kinakufa. Anataka orodha inayoonyesha kila faili iko wapi izunguke kadi nzima kama akina mama wa mwethya wanaolimiana kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Nimecheka! Orodha ni mwenyekiti. Hapa kwetu mwenyekiti hahamishwi kiti hata mvua ikimnyeshea. Nimeiweka kipande cha kwanza, ijiandike upya kila sekunde. Laki moja! Nani ataishi kuiona?

Alhamisi, 8 Oktoba.
Kompyuta inasema kadi haina kitu. Nimeipuliza. Nimeisugua kwa shati. Nimeiombea. Syokau amepiga hesabu nyuma ya bahasha: sekunde laki moja ni siku moja na saa nne hivi. Hakuna aliyemuuliza. Anasema vipimo huenda bado vimo, ila orodha ya kuvipata imekufa.

Ijumaa, 9 Oktoba.
Wafadhili wamekuja, wamekunywa chai, wameondoka. Pampu imekwenda kijiji kingine, chenye daftari. Mzee Nzuki hakunigombeza. Aliuliza tu kama anaweza kurudishiwa lake. Nikamwambia liko kabatini, limefungiwa. Alinishukuru. Nimeshindwa kula.

Jumatatu, 12 Oktoba.
Nimetafakari siku mbili, hata kanisani mahubiri yamenipita. Kosa nimeliona! Orodha ilikuwa dhaifu. Kadi ya pili nimeipanga vizuri zaidi: kipande cha kwanza tena, orodha ijiandike mara mbili kila sekunde, iimarike. Syokau ametoka nje. Mzee Nzuki amekuja na vipimo vipya vya visima vichache vya karibu, kwenye daftari jipya alilonunua mwenyewe. Nimeviingiza vyote. Daftari ameniachia, na jiko la chai lilikuwa limezimika.