Jogoo wa Mama na Jitu la Hatua ya Kumi

Jumatatu, 8 Machi 2021
Mimi Patriki nina bahati ya kuzaliwa nayo. Tangu utoto sijashindwa dau hata moja. Muulize yeyote hapa stendi ya Haydom, isipokuwa wanaonichukia. Arusha nimefika mara mbili, Singida sihesabu. Shule sikuimaliza, lakini dunia nimeimaliza.

Leo nimefika hatua ya kumi ya lile gemu la kwenye simu, la kulinda boma. Huko kuna jitu. Isidori muuza vocha anasema gemu lile ni la watu wanne. Ukianguka lazima mwenzako akuinue. Nikamwambia watu wanne ni wa kubeba jeneza. Jitu nitaliua peke yangu kabla ya Jumapili. Akasema hata nilete kijiji kizima, siwezi. Tumewekeana dau: spika yake kubwa kwa jogoo wa mama. Mama hajui. Jogoo naye hajui.

Jumanne, 9 Machi
Peke yangu! Raha! Hakuna wa kunibishia. Ukiwa peke yako simu inakupa maroboti ya kukusaidia. Moja liligeukia ukuta likabaki linaupiga risasi. La pili lilipiga ng'ombe wa boma tunalolinda. La tatu lilikimbia, nikalielewa. Jitu likaniangusha. Nikapiga kelele niinuliwe jamani, niinuliwe! Hilda muuza chai wa stendi akasema niinuke mwenyewe, benchi lina wateja.

Jogoo alinitazama nilipofika nyumbani. Nikapita nyuma ya zizi.

Alhamisi, 11 Machi
Nimekubali watu. Sijashindwa; nimeajiri. Mtandaoni nimepata Judith wa Babati, Alfredi wa Hirbadaw, na mmoja wa Basotu anayejiita Ziwa. Huyo haongei kabisa, anatembea kama aliyepoteza mbuzi. Nimejiteua kapteni. Judith akauliza kapteni gani anaishi chini. Lakini aliniinua! Kila nilipoanguka alikuja mbio, risasi zinapita: "Simama, kapteni, usituaibishe!" Machozi yakanitoka. Ni moshi wa Hilda.

Ziwa nilimfokea vizuri. Wewe gogo, wewe mzigo, bonyeza haraka au rudi ukavue samaki! Hakujibu. Nidhamu imemwingia.

Jumamosi, 13 Machi
Jitu lilibakiza pumzi moja. Moja! Spika naiona. Ghafla Ziwa akafanikiwa kufungua sauti yake. Akakohoa kwanza. Mzee! Mzee kabisa! "Wanangu, hamjambo?" Akasema anaitwa Agustino, simu ni ya mjukuu, na siku zote alikuwa anatusikia, ila hakujua pa kubonyeza ili ajibu.

Alikuwa anatusikia. Gogo. Mzigo.

Ningefanya nini? Nikaweka simu kwenye benchi, nikasimama, nikavua kofia, nikainamisha kichwa. Shikamoo, mzee. Judith naye, shikamoo. Alfredi naye, shikamoo; baadaye alikiri kwamba alisimama kama mimi. Mzee akapokea moja moja bila haraka. Akauliza mvua. Akauliza mifugo. Akauliza kama mama yangu hajambo. Mzee hakatizwi. Jitu halina adabu hiyo. Likatulaza wote watatu katikati ya habari za nyumbani.

Akabaki mzee peke yake. Nikasema samahani sana mzee wangu, ukipata nafasi, bonyeza kile kitufe cha kijani utuinue. Akasema anakiona, mwanangu. Akabonyeza chekundu, cha kutoka. Tukabaki chini, jitu linatukanyaga.

Jumapili, 14 Machi
Nyumba nzima tumepitiwa na usingizi, misa ya kwanza tumeikosa. Mama akauliza jogoo wake yuko wapi. Nikasema amekwenda Basotu kusalimia. Akasema basi nitawika mimi, kila alfajiri, mlangoni pake, mpaka mgeni arudi. Sidhani kama alitania.

Kwa Isidori, jogoo niliyemkabidhi jana usiku anawika juu ya spika.

Judith ameandika: jioni tukutane wote wanne, mzee anafanya mazoezi ya kile cha kijani, na kapteni nimesamehewa. Watu wema sana hawa, nawapenda. Nimewajibu wapumzike. Tatizo lilikuwa wingi wa watu. Leo nacheza peke yangu, kwa dau jipya na Isidori. Nikishinda, jogoo anarudi. Nikishindwa, Isidori anachukua na tetea.

Ile bahati niliyoandika Jumatatu ni uongo. Sijawahi kushinda dau hata moja.