Gari Jeusi na Machozi ya Zenon

Alhamisi, 12 Oktoba
Tangu magari makuukuu yaanze kuvuka Mto Odra kutoka Ujerumani, hakuna lililodumu hapa Poland bila ushauri wangu, mimi Ludwik. Mawaziri wamewahi kuniuliza. Majina siyataji. Leo dada yangu kanikabidhi jambo zito. Binti yake, Jagoda, anaanza kazi ya uuguzi mjini Rzeszów Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi. Kilomita sitini, na hakuna basi. Asipofika, nafasi anapewa mwingine. Anataka gari, stesheni wagoni lililotumika, la dizeli, otomatiki. Nikamwambia alale usingizi. Shemeji Bronek, baba yake, akachekea puani. Wivu!

Ijumaa, 13 Oktoba
La kwanza la kijivu, la Bi Genowefa, mjane wa mwalimu. Risiti zote za gereji kaziweka kwenye bahasha. Nikamuuliza kama anasikitika kuliuza. Akasema hata kidogo, linamzibia banda la kuku. Nikamvuta Jagoda pembeni. Kila mtu hapa anajua: gari zuri huuzwa kwa machozi, na Mjerumani hulia kuliko wote. Huyu macho makavu kama tofali. Tukaondoka. Jagoda akawa anageuka geuka nyuma.
Mchana, yadi ya Zenon, muuza magari. Jeusi, linang'aa. Zenon akasimulia jinsi kasisi mzee wa Kijerumani alivyolia akikumbatia usukani, kisha yeye mwenyewe akaanza. Machozi yakadondoka kwenye boneti, yakakauka papo hapo. Muujiza!
Jioni Bronek akaniambia hakuna muujiza, injini ilikuwa ishawashwa. Gari bovu huchemshwa kwanza ili lisiumbuke mbele ya mteja.
"Nenda ukalikute baridi, shemeji," akasema. "Kabla Zenon hajapata chai."

Jumamosi, 14 Oktoba
Tulikwenda mapema ili Bronek aaibike. Mbwa wa yadi bado kalala. Zenon katoka na suruali ya kulalia. Gari likakohoa mara nne, likawaka. Moshi ukaimeza yadi yote. Jagoda akaibuka humo kama mchoma mkaa. Nikafafanua kwamba dizeli ya kiungwana lazima isafishe koo.
"Mjomba," akasema taratibu, "Jumatatu nina wagonjwa. Sina muda wa kusubiri koo la gari."
Akampigia simu Bi Genowefa.

Jumapili, 15 Oktoba
La kijivu liko uani. Jana lilikwenda Rzeszów na kurudi, kimya kama paka. Chakula cha mchana kwa dada: pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha; Bronek tisa, mimi nne. Nikawaeleza mpango wangu tangu mwanzo ulikuwa kumtisha binti kwa jeusi ili alipende la kijivu. Dada akaomba apewe chumvi.

Jumatatu, 16 Oktoba
Jagoda kafika kazini saa kumi na mbili kasorobo. Kaajiriwa. Hongera kwangu.
Nikapita kwa Zenon, kumpa pole tu. Akalia. Safari hii na mkewe akalia. Watu wawili! Kwa gari la kawaida watu wawili hawalii. Nimelinunua lile jeusi. Bronek atakoma.
Keshauliza kwa nini bado liko yadini kwa Zenon. Nimemjibu nasubiri hali ya hewa itulie. Wewe daftari nakuambia, na usimwambie mtu: leseni yangu ni ya trekta tu.