Kocha na Mshauri kwa Msiba Mmoja

Leo nimeadhirika kule Mpemba, nje kidogo ya Tunduma, tena mchana kweupe, na nimechoka mno hata aibu yenyewe siisikii vizuri.

Wengi mnajua mama alifariki tukamzika kwetu Ibaba. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Nilihangaika na jeneza, turubai, mchele na wajomba (wajomba ndio kazi ngumu kuliko zote). Kila aliyenishika mkono alisema, "Jikaze, wewe ndiye baba sasa." Nikajikaza. Nimejikaza hadi leo. Chozi halijatoka, usingizi hauji, na dukani nawafokea wateja wanaoniuliza bei tu.

Mke wangu akachoka. "Baba Neema, nenda ukaongee na mtu." Akanitafutia mama mmoja wa ushauri nasaha, ofisi yake iko nyuma ya kanisa kule Mpemba. Shemeji yangu naye akasema ushauri ni mambo ya wagonjwa, mwanaume anahitaji kocha wa maisha. Akaniunganisha na kijana wa Dar anayefundisha kwa simu.

Nichague yupi? Mmoja anasikiliza, mwingine anasukuma. Kuchagua kwenyewe kunataka nguvu, nami sina. Nikachukua wote wawili kimyakimya (kama mtu mwenye nyumba mbili). Mama wa ushauri saa nne, kocha saa tano. Kila mmoja nikamwambia ni yeye tu.

Sasa wenzangu wa Tunduma hii mnaijua. Nyumba yangu iko jirani na mpaka. Asubuhi simu ikanasa mtandao wa Zambia, ikanikaribisha Zambia nikiwa kitandani kwangu, na saa yake ikarudi nyuma kwa saa moja. Sikuona! Nikanywa chai taratibu, nikafika Mpemba nikijisifu kwa kuwahi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimekusubiri saa nzima." Akacheka kidogo. "Simu yako imevuka mpaka, eh? Ingia tu. Wale wachumba wa mafundisho ya ndoa watanivumilia."

Wachumba wenyewe walikuwa kwenye benchi nje, wameshikana mikono. Tukaingia. Mlango kitasa chake kibovu, ukabaki nusu wazi.

Mama akaniuliza jambo moja tu. "Mama yako alikuwa anakuitaje?"

Nikafungua mdomo. Simu ikalia.

"Nani huyo?"

"Kocha."

"Unacheza mpira?"

"Wa maisha, mama. Wa... msiba huuhuu."

Akanitazama. Jamani, nilijiona nimefumaniwa! Nikataka kukata, nikakosea, nikapokea na kubonyeza spika.

"BINGWA! Simama! Piga kifua! Sema: sitalia tena!"

Sijui kwa nini nilitii. Nadhani mtu aliyechoka humtii yeyote mwenye sauti kubwa. Nikasimama. Nikapiga kifua. "Sitalia..."

Nikaangua kilio. Siyo kile cha kiungwana cha kufuta jicho. Kilitoka chote nilichokizuia tangu makaburini, kamasi zinashuka, na kifua bado nakipiga (hakuna aliyeniambia niache).

"Hapo sawa!" kocha akashangilia. "Nasikia nguvu! Nguruma, bingwa!"

Mama akaichukua simu, akaizima, akanipa leso. Nilipogeuka, mlango ulikuwa wazi wote. Yule mchumba wa kiume amesimama, macho yamemtoka.

"Mama," akauliza polepole, "huyu naye ni wa mafundisho ya ndoa?"

"Hapana," mama akasema, "huyu ameoa zamani."

Kijana hakungoja maelezo. Alichukua kofia yake ya pikipiki akaondoka, mwenzake anamkimbilia nyuma akimwita.

Mimi nikakaa, nikalia tena. Mama hakuniambia nijikaze hata mara moja. Nikamwambia jina alilokuwa ananiita marehemu mama yangu (hapa siliandiki). Kocha nimemtumia ujumbe wa asante, tuishie hapo. Nguvu nimeona sizihitaji kwanza. Nilihitaji mtu wa kukaa kimya nami nikiharibika.

Chekeni, ruksa. Ila anayemfahamu kijana wa pikipiki nyekundu pale Mpemba, tafadhali amwambie arudi akaoe. Ndoa yangu haina tatizo lolote. Nilikuwa namlilia mama yangu.