Posa Yangu Kati ya Dira na Ramani ya Wote

Jumatatu, 3 Machi 2025

Sijalala vyema. Jumapili hii akina mama wa ushirika wa kanisani watakuja kuitazama nyumba yangu, kisha mwenzao Bi. Wanza ajibu posa yangu. Hofu kuu: mageti ya hapa Kariobangi yote yanafanana. Wageni wangu wa Krismasi walipotea, wakaishia kunywa chai kwa Bwana Dedan, mgane mwenzangu wa jengo la pili. Naye anamtaka Bi. Wanza! Ana makochi mapya. Mimi nina viti vya marehemu mke wangu, Mungu amrehemu. Safari hii wataongozwa na simu.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwendea Mourine, fundi wa simu kule sokoni. Ameniwekea programu mbili za ramani. Dira ni ya kampuni kubwa ya ng'ambo, wala hailipishi. Nikauliza kwa adabu: wanakula nini basi? "Mzee wangu, wanakuuza wewe," akasema, mdomo umejaa chapati. Nani atanunua mgane mwenye goti bovu?

Ramani ya Wote haina kampuni. Huchorwa na watu wa kujitolea, na yeyote aweza kuirekebisha. Yeyote! Hata Dedan!

Nilirudi nikiongozwa na Dira. Mama wa ndani ya simu akaniamuru kushoto. Kushoto palikuwa na mtaro wa maji taka. Nikamwomba radhi, nikaenda mbele. Nilipoingia ndani, Dira ikaniuliza niliionaje baa ya pale njiani. Nilipita nje tu! Nimeiandikia kampuni kwa heshima kwamba mimi ni mzee wa kanisa. Je, wamekwisha kumwambia mchungaji?

Ijumaa, 7 Machi

Balaa! Katika Ramani ya Wote Dedan amekwisha kujiandika: "Kwa Dedan, Chai Ipo." Akina mama watavutwa!

Nimetenda jambo baya. Nimeishika alama yake, nikaisogeza hadi ukingoni mwa Mto Mathare. Programu ikataka jina langu na sababu ya mabadiliko. Shule ya misheni tulifundishwa kutodanganya. Nikaandika: "Josefu Mutunga. Niwie radhi, Bwana Dedan. Ni kwa ajili ya Bi. Wanza."

Kisha Dira ikauliza nyumbani kwangu ni wapi. Nikajibu kweli tupu: Mbooni kijijini, alikozikwa baba. Hapa Kariobangi ninapanga tu. Nikamtumia Bi. Wanza njia ya Dira ya kufika nyumbani. Moyo umetulia kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Kuku amepoa sufuriani. Nilibaki nikipika; ibada imekwisha zamani, wageni hakuna. Dedan alichungulia dirishani, akauliza kama wageni wangu wanatembea kwa miguu kutoka Mombasa.

Hatimaye Bi. Wanza akapiga simu. Upepo mwingi. "Mzee Mutunga, tumefika kwako," akasema. "Mbona aliyetupokea ni mbuzi?"

Wako Mbooni! Walidhani nimewaheshimu kwa kuwaita bomani kwenyewe, wakaiacha ibada, wakakodi gari alfajiri. Ndugu yangu Muoki hulaza mbuzi katika nyumba yangu ya huko, na paa limebomoka. Nilianza kuomba radhi. Akanikatiza. Dedan alikuwa amewapigia wangali njiani, akawaambia waifungue Ramani ya Wote wasome sababu yangu. Waliisoma kwa sauti garini, wote. Wamecheka kutoka Machakos mpaka mlimani Mbooni. Na jibu la posa yangu? Nitalisikia kesho.

Nimekwisha.

Jumatatu, 10 Machi

Bi. Wanza amekuja mwenyewe, bila simu. Alimuuliza muuza mboga za sukuma wiki wa getini, basi. Nilisimama kama mshtakiwa. Akasema mtu anayeiba na kuacha jina lake hawezi kumficha mke jambo lolote, na mume wa hivyo yeye anaweza kuishi naye. Lakini kwanza mbuzi watoke, na alama ya Dedan irudi mahali pake leo hii. La sivyo, nisahau.

Nimeishika simu. Nikiirudisha pale pale, "Chai Ipo" itasimama karibu na geti langu, na harusi bado! Nimeirudisha karibu tu na mahali pake. Imeishia kituo cha polisi.

Programu ikataka jina na sababu. Nimeandika vyote viwili, na kumwomba Bwana Dedan radhi mapema.