Kilele Nilichokipanda kwa Barua

Jumatano, 7 Julai

Nimekwisha! Dada mkubwa anafika kesho, na mumewe, na rafiki yake muuguzi mstaafu. Wanakuja kupanda mlima. Na mimi. Barua yake haina mafumbo: anataka kuona kwa macho yake kama bado nina nguvu za kuishi peke yangu. Nikiwa nazo, ataniacha. Nikiwa sina, narudi naye mjini, chumba cha uani kimeshapakwa rangi. Rangi ya maziwa. Hata pazia amenichagulia.

Kosa ni langu. Miaka minne namwandikia kwamba kila Jumamosi niko kileleni. Ukweli? Sijawahi kupita chemchemi ya kwanza. Mimi ni fundi viatu. Mlima nauona dirishani, juu ya cherehani, na unanitosha. Asubuhi ni wa buluu, adhuhuri unapotea, jioni unarudi kama mtu aliyesahau kofia. Nashona, nautazama, chai inapoa. Nani ana haja ya kuukanyaga?

Jina langu lakini limepanda. Kule juu kuna daftari ndani ya sanduku la bati, kila afikaye huandika jina na tarehe. Mlinzi wa njia hupanda kila Jumamosi. Yeye ananiandika, mimi namtilia soli viatuni. Hakuna aliyeumia.

Alhamisi, 8 Julai

Wamefika. Dada kanishika mashavu, kasema nimekonda. Muuguzi hakunitazama usoni, alitazama vifundo vya miguu. Shemeji ni mpima ardhi, kaja na ramani, dira na fimbo yenye ncha ya chuma. Akaniuliza kilele kina mita ngapi. Nikamwambia sisi wenyeji hatupimi, tunapanda tu. Akacheka puani. Simpendi akicheka puani.

Mpango wa kwanza, na wa akili! Nimejitolea kuwakagulia viatu. Nifumue soli, nizirudishie kwa uzi dhaifu wa kushonea mifuko. Tukifika chemchemi, soli zote zinaachama. Tunarudi nyumbani, na mimi nasikitika kuliko wote.

Nikaketi na jozi tatu baada ya chakula cha mchana. Mlimani kulikuwa na wingu moja refu, likivuka taratibu. Nikalifuata kwa macho. Sijui lilichukua muda gani. Lilipotelea upande wa pili, nikatazama mikononi: jozi zote tatu zimeshonwa. Uzi wa nta, mishono miwili miwili, gundi imeshika, visigino vimeng'arishwa. Mikono hii! Miaka thelathini haijaharibu kiatu cha mtu, na leo haikuniuliza.

Shemeji kasema hajawahi kuona kazi kama hiyo. Nimeshindwa hata kufurahi.

Ijumaa, 9 Julai

Mpango wa pili: hali ya hewa. Nimewatangazia kwamba wingu lenye mkia ni dalili ya dhoruba. Muuguzi akatoka nje, akalitazama, akasema ni zuri, akarudi kuchukua kofia. Dhoruba haikuja.

Matembezi ya leo yalikuwa ya kunyoosha miguu tu, hadi chemchemi. Hapo najua kila jiwe! Nikawaonyesha kila jiwe. Kisha tukalala kwenye nyasi sote wanne, kofia usoni, maji yakijisemea yake. Dada akasimulia alivyokuwa akinibeba mgongoni kuvuka mfereji, na kwamba nilikuwa mzito, na mwongo, tangu siku hizo. Sauti yake ilinijia kama inatoka chumba cha pili. Nikawaza kile chumba cha rangi ya maziwa, dirisha linatazama ukuta. Nikajifanya nakoroma.

Jumamosi, 10 Julai

Tumepanda! Nimeongoza mimi, ningekwepaje? Baada ya chemchemi sikujua chochote, nikafuata vinyesi vya mbuzi kwa kujiamini. Kila penye njia panda niliinama kufunga kamba za viatu mpaka shemeji afungue ramani. Kisha nikashika njia aliyoitazama yeye.

Saa nne soli ikaachama. Yangu! Viatu vya wote nimevikagua, vyangu sikuvigusa. Mganga hajigangi. Nikaifunga kwa kamba ya begi. Tangu hapo mguu wa kulia ukawa unapiga makofi.

Njiani jambo la ajabu. Watu waliokuwa wakishuka, wakiniona, wanasimama, wanainua mguu, wananionyesha soli. Mwalimu mmoja akasema huu ni msimu wake wa tatu na mshono haujalegea. Mama mmoja na binti zake wawili wakainua miguu mitatu kwa pamoja, wameshikana mabega wasianguke. Mimi nilikuwa naona haya. Dada alikuwa akitazama tu.

Kisha ukungu. Mweupe, laini, hatuoni hatua tatu mbele. Tukashikana mikono kama watoto wa chekechea. Nyuma yangu pumzi za dada, chini kiatu changu kikipiga makofi, pengine kote kimya. Sikujua kama tunapanda au tunaelea. Nikasahau kabisa kwamba nina njama. Laiti ungeendelea mpaka jioni.

Ukapasuka ghafla. Kilele! Mawingu chini yetu, jua utosini, na miguuni... Mdomo ukatangulia akili.

"Kumbe huku juu kuna nyasi!"

Katika barua zangu zote, miaka minne, kilele ni mwamba mtupu.

Shemeji alikuwa ameshafungua sanduku. Akasoma tarehe moja kwa sauti, akasema siku hiyo nilikuwa kwao, maana ndiyo siku niliyovunja kiti cha barazani. Hakucheka hata puani. Dada akalichukua daftari, akapitisha kidole kwenye jina langu, ukurasa baada ya ukurasa. Ndiye aliyenifundisha kuandika, kwa kijiti, mchangani.

"Mwandiko wako umependeza sana siku hizi, mdogo wangu," akasema. Akalifunga.

Nikaketi kwenye nyasi. Zina maua madogo ya njano, na mlinzi hakuwahi kuniambia. Nikalia kidogo. Niliwaambia ni jua.

Jumapili, 11 Julai

Dada kanikuta jikoni. Kaniuliza kwa nini nimemdanganya miaka yote hiyo. Nikamwambia ukweli, maana sikuwa na kitu kingine tayari: naogopa chumba chake. Akawa anapangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

"Nilitaka kukuchukua kwa sababu nilidhani huna mtu," akasema. "Jana nimehesabu miguu ishirini na mitatu ikiinuliwa kukusalimu. Mimi huko mjini nikianguka barazani, atajua jirani mmoja."

Nikamshika mkono. Sikuwahi kufikiri kwamba mpweke ni yeye.

Chumba cha uani atakifanya cha kupigia pasi. Nimebaki! Sharti moja: nimwandikie kila wiki, na iwe kweli tupu, hata kama nimeshinda nimelala. Nimeapa kwa moyo wote, machozi yakinitoka. Nimejisikia mwepesi. Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine.

Jumanne, 13 Julai

Wameondoka jana. Shemeji kaniachia fimbo yake. Sasa nimchukie vipi?

Goti limevimba. Muuguzi alilifunga bandeji kabla ya kuondoka, akaniamuru nilale wiki mbili. Naweza kutoka kitandani hadi dirishani, basi. Lakini mlima upo, wa buluu, na nikifumba macho bado naelea.

Nimekaa kumwandikia dada. Kweli tupu, kama nilivyoapa. "Dada, nina furaha hapa. Sijawahi kuwa na furaha kama hii." Kweli kabisa! Niliisoma mara tatu, ikanitoa machozi.

Kweli ya pili ni goti. Nikiandika goti, Ijumaa yuko mlangoni na gari la mizigo. Goti nikaliacha. Kunyamaza si kudanganya.

Basi kweli ikaishia mstari wa pili, na karatasi ina nafasi tele. Haifai kumpelekea karatasi tupu mtu unayempenda, tena mpweke. Kwenye ramani ya shemeji niliona ziwa nyuma ya mlima. Si pana sana.

"Leo asubuhi," nimeandika, "nimelivuka kwa kuogelea. Maji ni ya baridi, lakini mtu huzoea."