Juisi Chini ya Blanketi

Jumatano, 3 Septemba
Mama mkwe amepiga simu. Jumamosi familia inakwenda bwawani kama kila mwaka. Akasema nisisumbuke na vinywaji, shemeji ameshajitolea. Nisisumbuke! Miaka yote juisi ya ndimu na tangawizi ilikuwa yetu. Mke wangu alikamua, mimi nilibeba. Sasa hayupo, na hata kubeba nanyang'anywa na kaka yake. Nisipopeleka juisi, mwakani watanialika kwa lipi? Nikasema nitaleta yangu. Akasema haya baba.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimekamua ndimu mpaka vidole vinawasha. Nimejaza chupa za kioo hadi mdomoni, nikazifunga kabisa. Mwenye duka jirani kanikubalia nizigandishe kwenye friza yake. Akili kama hii shemeji hana.

Ijumaa, 5 Septemba
Chupa zote zimepasuka. Mwenye duka alinionyesha nyama yake ilivyojaa vigae, akaniuliza kama nina ugomvi naye. Nimesafisha friza mpaka mikono ikafa ganzi. Hataki kuniona tena dukani. Nimekamua upya, nikatia kwenye dumu. Barafu sina.

Jioni likanijia wazo. Yangu isipopoa, ya shemeji nayo isipoe. Kila mtu anajua blanketi linatia joto. Nitachukua lile letu zito la sufu, nilifunike kasha lake la barafu. Roho iliniuma kidogo, maana tulilala chini yake sisi wawili. Lakini maji yamenifika shingoni.

Jumamosi, 6 Septemba
Jua kali. Wenzangu walipokwenda kutazama maji, nikalifunika kasha la shemeji gubigubi. Mama mkwe akanikuta nachomeka pindo. Nikasema nakinga vumbi.

Mchana likafunuliwa. Barafu vile vile, haijayeyuka hata kona. Watu wamekunywa mpaka meno yakauma. Yangu ilikuwa vuguvugu. Shangazi alionja, akauliza kama ni dawa ya kikohozi.

Kisha mama mkwe akalishika blanketi, akalitambua. Akasema binti yake naye alikuwa akiliviringisha dumu kwa blanketi hilo ili ubaridi usitoke, akaniambia kumbe miaka yote nilikuwa namwangalia mke wangu. Akalia. Akatangaza kuwa mwakani vinywaji ni vyangu, na shemeji atanisaidia. Nilishindwa kula.

Jumapili, 7 Septemba
Mama mkwe ni mzee na ana majonzi, kwa hiyo sikumbishia. Lakini aliyebeba ni mimi. Mke wangu aliliviringisha dumu lisinichubue bega, basi. Alinijali hivyo.

Kosa la jana nimelijua. Blanketi limeisha joto. Ningepaswa kuligundua mapema, kwani tangu afariki najifunika hilo hilo na baridi inanitafuna mpaka asubuhi. Mwakani dumu langu nitaliacha wazi lipate upepo. Kasha la shemeji nitalinunulia blanketi jipya, zito kuliko hili.