Hotuba ya Kuzindua Tuta la Viazini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mtaa wa Viazini, Mzee Zefania, shikamoo; waheshimiwa wajumbe wa mtaa; mwalimu mkuu na walimu wako wote wawili; viongozi wa dini mliotuombea kwa zamu na kwa ufupi; kina mama mliokuja na majembe; vijana wa bodaboda; wataalamu wangu niliofuatana nao katika magari matatu; na wewe karani, andika neno kwa neno, usipunguze cheo hata kimoja: mimi ni Mheshimiwa Festo Alute, Mratibu Mkuu wa Mradi Jumuishi wa Matuta, Mlezi wa Kamati ya Matuta, na Mwenyekiti wa kamati inayomsimamia Mratibu Mkuu. Kila aliyestahili kutajwa ahesabu ametajwa. (Makofi. Yalianzia meza kuu.)

Kabla sijaanza, nina jambo. Nimechelewa saa tatu, na dakika nne kati ya hizo mmezisababisha ninyi. Pale mbele ya shule kuna watu wamerundika udongo katikati ya barabara, toka mtaro huu hadi ule, wakaushindilia. Dereva wangu hakuuona. Kichwa changu kiligonga paa la gari, na taarifa yangu ya utekelezaji ikamwagikiwa chai ya maziwa. Hiyo ni hujuma. Naagiza udongo ule uondolewe kabla sijamaliza kuzungumza. (Kina mama walitazamana. Hakuna aliyeinuka.)

Sasa mada. Tuta ni nini? Mkulima wa kawaida atawaambia tuta ni udongo uliovutwa kwa jembe ukapandwa viazi. Hiyo ni maana ya chini, maana ya miguuni. Katika fizibiliti stadi yetu, yaani upembuzi yakinifu, iliyochukua miaka mitatu na semina kumi na moja, zote zilizofanyika mbali na mashamba ili kuepuka upendeleo, tumebaini kwamba tuta ni dhana mtambuka. Wapenzi wa mpira mnajua mchezo ukiisha sare hupigwa matuta. (Sauti ya kijana: “Na sisi ndiyo yaliyotutoa.”) Mlitolewa kwa matuta kwa sababu hamkuwa na matuta, na suala hilo lipo katika fesi ya tatu ya mradi. (Kicheko. Nimeelekezwa niandike vifijo. Vifijo.)

Na asili ya neno lenyewe? Wapo wanaodai limezaliwa shambani, kwa watu waliokuwa wakikusanya udongo. Nilikataa. Neno kubwa namna hii haliwezi kuzaliwa kwenye matope. Nikaunda kamati, ikaketi siku tisa, ikala, ikaniletea jibu lile lile nililoipa siku ya kwanza: neno tuta limetoka ofisini. Sikilizeni wenyewe. Tutajenga. Tutaleta. Tutachimba. Tutafuatilia. Kila jambo jema ambalo ofisi yangu imewahi kuwafanyia lilianza na tuta. (Mzee Zefania aliuliza kwa heshima kama lipo lililowahi kuvuka hapo. Alijibiwa kwamba maswali ni mwishoni.)

Mwaka juzi mliniandikia barua, nanukuu: “Tunaomba matuta mbele ya shule.” Barua fupi, isiyo na viambatisho. Nikaigonga muhuri, nikaipeleka kwa wataalamu wa viazi. Wakafika hapa, wakaingia mashambani mwenu, wakahesabu. Leo natangaza kifua mbele kwamba mtaa huu una matuta elfu nne mia tatu kumi na sita, wakati lengo la mradi lilikuwa mia mbili. Hiyo ni impakti ya asilimia elfu mbili mia moja hamsini na nane, na wenzetu wa Unyambwa wanaombwa kuja kujifunza. (Makofi ya meza kuu.)

(Hapo Mama Sikudhani alisimama bila kuruhusiwa. Alisema: “Baba, hayo ni ya viazi vyangu na vya wenzangu. Tumelima wenyewe. Sisi tuliomba tuta la barabarani. Malori ya vitunguu yanapita pale kama yanakimbizwa. Rahabu wangu aligongwa akitoka shule, mguu wake mpaka leo haunyooki.”)

Pole, mama. Lakini barua haikusema barabara. Ilisema mbele ya shule, na kwenye ramani yangu mbele ya shule ni shamba. Tuta la barabarani lina fomu yake, ya kijani. (Mama Sikudhani alisema hawakuisubiri ya kijani. Tuta wamelitengeneza wenyewe juzi, na atakayekwenda kuliondoa aanze kumwondoa yeye. Kina mama waliinua majembe. Hawakupiga kelele.)

Kumbe. (Mheshimiwa alinong’onezwa na msaidizi wake. Niliyoyasikia ni: utepe, wapiga picha, hatuna kingine.)

Ndugu wananchi, kubadili msimamo ni ukomavu wa uongozi. Agizo langu la mwanzo limefutwa. Karani, lifute. (Limefutwa. Limebaki hapo juu tu.) Udongo ule si hujuma. Ni tuta. Nimelipima mimi mwenyewe kwa kichwa changu na nathibitisha ubora wake. Nalizindua rasmi, na kuanzia leo hakuna mtu, idara wala greda litakaloligusa. Leta karatasi nisaini hapa hapa. (Alisaini. Mama Sikudhani aliomba nakala. Alipewa.)

Sasa kaulimbiu. Nikisema tuta, mnajibu jenga. Tuta. (Jenga.) Tuta. (Leta. Chimba. Fuatilia. Sauti zilikuwa nyingi.)

Mwisho ni shukrani. Nawashukuru wataalamu wangu kwa kuhesabu. Namshukuru Mama Sikudhani kwa kuiazimisha ripoti yangu matuta yake ya viazi. Na nawashukuru kina mama wote, kwani bila majembe yenu leo nisingekuwa na pa kukatia utepe. Maana kwa miaka mitatu mradi huu haujachota udongo hata chepe moja, haukuwa na jembe, haukuwa na fundi, na kwa kweli, ukiniondoa mimi na muhuri, haukuwepo. Hilo la mwisho usiliandike. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Msafara uliondoka saa kumi na nusu. Mbele ya shule magari yote matatu yalipunguza mwendo. Rahabu alivuka.)